Kipimo cha Kimulimuli

Kimulimuli amekufa mara tisa.
Mara ya kwanza nilimuua mimi, darasa la sita,
kwa sababu daftari lilikwisha.
Jumatatu baba akaninunulia jingine
naye akafufuka, koti jekundu halina hata kikunyanzi.

Sasa vitabu vyake vinauzwa stendi ya Mafinga,
kando ya mahindi ya kuchoma,
na watoto wa Kinyanambo wanajua kwa moyo
anavyodaka malori yaliyokatika breki Kitonga,
mkono mmoja tu, wa pili umeshika kikombe cha chai.
Risasi zikimgonga huomba radhi.
Moto ukimlamba huungua ulimi.
Akifa, anakufa ukurasa wa thelathini,
toleo lijalo anaamka ana njaa.

"Huyo," baba alisema, randa mkononi,
vumbi la mbao limemkaa kwenye kope,
"huyo hajawahi kunipa kazi."
Baba alichonga majeneza. Miaka arobaini,
Changarawe hadi Nyololo, nani hakulala kwenye mbao zake?
Watu aliwapima kwa jicho wangali wazima,
wanapita na ndoo, na Biblia, na deni,
kisha akajionea haya, akatazama chini.
"Nimempima diwani. Nimempima mtoto wa siku nne
kwa shubiri hii. Wote walienea.
Asiyeenea popote, binti yangu, analala wapi?"

Nilicheka. Nilikuwa na toleo la kumaliza.

Juni ikaja. Ukungu ukashuka kwenye mipaini,
ukakaa, mgeni asiyejua kuaga.
Kikohozi cha baba kikageuka sauti,
msumeno mkali ukawa msumeno butu.
Daktari akasema mapafu. Akasema vumbi. Akasema miaka.
Usiku ule nilifanya jambo la aibu kwa mtu mzima:
nilichukua penseli, nikamwita Kimulimuli.

Alikuja. Nilimchora ameinama,
mlango wetu ni mfupi. Ngumi tayari.
Akachungulia uvunguni, akachungulia darini,
akamtafuta adui. Lakini kifo hakina taya.
Hakina kikosi, hakina pango la siri;
kilikuwa kimeketi ndani ya pumzi ya baba mwenyewe,
kimezeeka naye,
kinajua jina lake la utotoni.
Kisanduku kizima nilimwacha amesimama hivyo,
mikono mikubwa haina pa kwenda.
Kisanduku cha pili: amevua koti jekundu,
anamfunika mzee miguu.

Baba aliondoka alfajiri, majogoo hayajaafikiana.
Tulinave, mwanagenzi wake, akakuta mbao zimeshachaguliwa,
zimepigwa randa, zimefichwa nyuma ya stoo.
Juu ya ubao mmoja, hesabu kwa penseli:
urefu, upana, na mbele ya upana neno moja,
*nitakonda*.
Alikuwa amejipunguzia inchi mbili.
Alienea.

Toleo la kumi nimelichora karakanani,
miguu imezama kwenye maranda.
Kimulimuli anaingia mchana kweupe, bila koti.
Anasema, "Fundi yuko wapi?"
Nasema, "Mimi hapa. Simama wima."
Anazuia pumzi, kama wafanyavyo watu wote
wakipimwa, hata kwa cherehani.
Futi saba kasoro. Naandika kwenye ubao,
kwenye karatasi hayo yangefutika.
Hafi. Ukurasa unaisha bado yuko hai,
anasaidia kubeba mbao za mtu mwingine,
anauliza bei ya misumari.

Jana stendi mtoto mmoja, Lutengano,
alilipa kwa sarafu zenye joto la mfuko,
akasoma amesimama, mabasi yanampigia honi,
akafika mwisho, akageuza jalada la nyuma
kuona kama kuna kilichofichwa.
"Sasa huyu," akaniuliza, "siku hiyo ikifika, atarudi?"

Penseli ya baba imebaki kipande, iko sikioni mwangu.
Nilikuwa na jibu. Niliona pua yake inavuja kwa baridi.
"Rudia," nikamwambia, "pale
anapomfunika miguu."